Nani anachekwa? Howard Hawks, filamu ya Hatari! na vichekesho vyetu

Jumapili moja jioni, wakati wa burudani bwaloni, tuliigiza kichekesho cha mlinzi wa Kimaasai. Mnakijua, kwa sababu kila seminari na kila kundi la VIWAWA lina cha kwake. Shuka jekundu, fimbo, sime ya mbao, na Kiswahili cha kuvunjavunja. Mwenye nyumba anamtuma mlinzi akachaji simu, naye anaipeleka malishoni. Bwalo lilivuma kwa kicheko. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake ametoka Ngorongoro na ni mlinzi wa usiku mjini Arusha, alicheka pamoja nasi, akapiga na makofi. Kisha akaenda kulala kabla ya sala ya usiku, jambo ambalo si kawaida yake. Kesho yake mmoja wetu alipomuuliza kama aliumia, akajibu kwamba alicheka kwa sababu hakuona kitu kingine cha kufanya.

Hatukumkosea kwa kukusudia. Lakini tangu siku hiyo tumekuwa tukibishana sisi kwa sisi kuhusu vichekesho, na mabishano yetu yakapata nguvu kutoka mahali ambapo hatukutarajia. Muumini mmoja wa Karatu anayeongoza watalii alituletea kwenye flashi filamu ya zamani iitwayo Hatari!, akitaka tuone Tanganyika ya babu zetu. Tuliitazama kwa siku mbili, maana ina zaidi ya saa mbili na nusu, kisha tukaanza kumfuatilia aliyeitengeneza. Jina lake ni Howard Hawks. Maoni yetu ya leo yanamhusu yeye, na kupitia yeye yanatuhusu sisi.

Hawks alizaliwa mwaka 1896 Goshen, jimbo la Indiana, Marekani. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell, akaendesha magari ya mashindano, akatumikia kikosi cha anga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika sinema aliingilia mlango wa nyuma, akiwa kijana wa kubeba na kupanga vifaa. Baadaye akawa mwongozaji, na mara nyingi mtayarishaji wa filamu zake mwenyewe. Wasomaji wasiojua kazi hiyo wafahamu kwamba mtayarishaji ndiye mwenye mzigo wote: anatafuta fedha, anachagua hadithi, anaajiri, anaamua nani ataonekana na nani ataachwa. Mchekeshaji tunamwona usoni, lakini mtayarishaji ndiye aliyekwisha kuamua tutamcheka nani.

Alitengeneza filamu za kila aina, za majambazi, za vita, za wachunga ng'ombe. Filamu yake ya majambazi, Scarface ya mwaka 1932, ilimgombanisha na wakaguzi wa maadili hadi ikaongezewa sehemu na maneno ya kukemea uhalifu. Hapa waseminari wasikie jambo linalotuhusu. Kanuni za maadili zilizotawala sinema za Hollywood miaka ile ziliandikwa mwaka 1930 kwa mkono wa Mjesuiti, Padre Daniel Lord, akishirikiana na mlei Mkatoliki Martin Quigley, na kuanzia mwaka 1934 msimamizi wake mkali alikuwa Mkatoliki mwingine, Joseph Breen. Mwaka 1936 Papa Pio wa XI akatoa waraka Vigilanti Cura kuhusu sinema, akikiri kwamba binadamu anahitaji burudani na kudai burudani hiyo iwe ya kumstahili. Vichekesho bora vya Hawks vilizaliwa ndani ya uzio huo. Sisi hatudhani kwamba uzio ndio uliomfanya awe hodari, ila haukumziba mdomo. Alilazimika kutafuta kicheko mahali pengine kuliko kwenye matusi na uchi, akakipata.

Alikipata wapi? Tumetazama au kusoma habari za filamu zake kadhaa, na tumeona jambo moja likijirudia. Kwa Hawks, anayechekwa ni mkubwa. Katika Bringing Up Baby ya mwaka 1938, anayechekwa ni profesa wa mifupa ya dinosaria. Mtu mzito mwenye miwani, siku chache tu kabla ya kukamilisha kazi ya maisha yake, anajikuta anafukuzana na chui, huku mbwa amemwibia mfupa wake wa mwisho na kuufukia. (Sisi wa huku tunaiona filamu hiyo kwa jicho la pekee, kwa kuwa Olduvai iko wilayani Ngorongoro, na ni hapo Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus mwezi Julai 1959. Mbwa wetu wangekuwa na kazi.) Katika Ball of Fire ya mwaka 1941, wanaochekwa ni maprofesa wanane waliojifungia miaka mingi ndani ya nyumba moja wakiandika ensaiklopidia, hadi mmoja anapogundua kwamba hajui watu wa mtaani wanavyoongea. Frateri yeyote atakayeitazama atajiona. Katika I Was a Male War Bride ya mwaka 1949 ni afisa wa jeshi la Ufaransa, anayelazimika kuvaa nguo za kike ili apite kwenye kanuni za ofisi. Na katika Monkey Business ya mwaka 1952 ni mwanasayansi, anayegeuka mtoto kwa sababu sokwe amechanganya dawa maabara.

Profesa, afisa, mwanasayansi. Hakumtafuta mfagizi wala mlinzi wa getini. Mtu mwenye cheo akiteleza kwenye ganda la ndizi tunacheka, kwa kuwa atainuka na cheo chake kiko palepale. Maskini akiteleza, pengine amevunjika mguu na hana bima.

Tusimfanye mtakatifu. Aliishi kama watu wa Hollywood walivyoishi, akaoa mara tatu na kuachana mara tatu, na Bringing Up Baby haikuuza wakati wake, hata ikamgharimu kazi iliyokuwa ifuate katika kampuni ile. Hakuwahi kushinda tuzo ya Oscar katika mashindano. Walimpa ya heshima mwaka 1975, akiwa mzee, na mwishoni mwa mwaka 1977 akafariki.

Alikuwa na miaka 64 alipokuja kwetu. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1960, Tanganyika ikielekea Uhuru wa Desemba 1961. Alikuja na John Wayne, nyota mkubwa kuliko wote wa filamu za wachunga ng'ombe, na Elsa Martinelli wa Italia, Hardy Krüger wa Ujerumani, Gérard Blain na Michèle Girardon wa Ufaransa, na mchekeshaji wa runinga Red Buttons. Hadithi yenyewe haikuwa imekamilika. Mwandishi wake, Leigh Brackett, mwanamke, aliijenga kufuatana na yale wanyama waliyokubali kufanya. Kundi la wakamata wanyama linaishi Momella chini ya Mlima Meru, linafukuza twiga, pundamilia na vifaru kwa magari, na kuwauza kwa bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Waigizaji walifanya kazi hiyo wenyewe, chini ya maelekezo ya mkamata wanyama mwenye leseni, Willy de Beer. Kifaru unayemwona akivunja kamba na kutoroka alitoroka kweli, wakamkamata tena kamera zikiwa zinazunguka. Inasimuliwa pia kwamba sauti nyingi zilibidi zirekodiwe upya studio, kwa sababu Wayne akipambana na mnyama alitoa maneno ambayo Padre Lord asingeyapitisha.

Filamu ikatoka mwaka 1962 ikiwa na jina la Kiswahili. Zamani zile neno hatari lilikuwa onyo tu, leo kijana wa Karatu akimsifu mpiga ngoma anasema "huyo hatari". Krüger alipapenda Momella hata akanunua shamba hapo akaishi kwa miaka, na hadi leo kuna loji yenye jina la filamu.

Na kicheko cha Hatari! kiko wapi? Kiko palepale alipokizoea. Wayne, jitu lisiloogopa kifaru, anamwogopa mwanamke mpiga picha, Dallas, aliyefika bila yeye kujua kwamba mpiga picha anayetarajiwa ni mwanamke. Dallas anaokota tembo mchanga aliyefiwa na mama, kisha wa pili, kisha wa tatu, na wanaume wale wote wenye bunduki wanaishia kuhangaika na mbuzi ili tembo wapate maziwa. Red Buttons anatengeneza roketi ya kurusha wavu juu ya mti uliojaa nyani, ikifyatuka anafumba macho, ushindi wake unampita. Mwishoni tembo watatu wanaukimbiza mji wa Arusha na kuvunja kitanda cha Wayne. Tulicheka, na tembo wale wadogo tungewatazama tena kesho.

Lakini tulipomaliza, mwenzetu yule wa Ngorongoro aliuliza swali moja. "Sasa sisi tulikuwa wapi?"

Tulirudisha nyuma tukaangalia. Tupo. Tunaendesha magari, tunabeba, tunashika kamba, tunaimba. Wengi wetu hatuna jina, na wenye jina hatukumbuki hata mmoja aliyepewa mzaha wa kwake, achilia mbali nafasi ya kumtania Wayne. Kuna sehemu moja tu ambapo watu wa hapa wanapewa uwanja, pale Waarusha wanapomchukua Dallas, wanampaka rangi mwili mzima, wanamvika mapambo, wanampa jina la Mama Tembo. Kwa haki kabisa tuseme kwamba katika sehemu hiyo anayechekwa zaidi ni Dallas, mzungu aliyepakwa rangi, na wazungu wenzake ndio wanaomcheka. Hawks hakutukana. Alichofanya ni kutuweka kama alivyoweka Mlima Meru, tukapendezesha nyuma ya watu waliokuwa wakitaniana kwa Kiingereza.

Hakuwa wa kwanza. Miaka miwili tu kabla yake Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipiga filamu ya Serengeti iliyopata Oscar mwaka 1960. Michael alikufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta, watalii husimama hapo. Mwaka huohuo wa 1959 sheria ikaigawa Serengeti na Ngorongoro, na Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamia upande wa Ngorongoro wakiambiwa hapo wataishi pamoja na wanyama. Kwa hiyo wakati Hawks anatafuta vifaru wa kuwafukuza, kulikuwa na familia zilizokuwa zimehama juzi tu. Dunia iliyojaza kumbi za sinema kutazama kaskazini ya Tanganyika ilitazama wanyama. Leo, ambapo mjadala wa nani abaki Ngorongoro na nani ahamie Msomera umewagawa hata waamini wanaokaa benchi moja kanisani, hatuwezi kusema kwamba picha hizo zilikuwa mambo ya burudani tu. Anayezoea kuiona nchi bila watu wake hatashtuka sana akiambiwa watu wahame.

Wapo watakaotuambia: nyie mnamlaumu Mmarekani wa mwaka 1960, na yeye angalau hakuwacheka. Ni kweli, na ndiyo hoja yetu inayotuuma. Runinga na simu zilipofika mikononi mwetu, sisi wenyewe tukiwa watayarishaji, tulimtoa Mmaasai nyuma ya picha tukamleta mbele kwa kazi moja tu, awe mlinzi asiyejua Kiswahili. Mmang'ati tukampa mkuki. Mwiraqw tukamwiga sauti ya kooni. Katika simu za vijana wetu, kuanzia Mto wa Mbu hadi Mang'ola, klipu za namna hiyo hazihesabiki, na baadhi yake tumezirekodi sisi katika viwanja vya parokia.

Utetezi mkubwa tunaousikia ni kwamba huo ni utani wa makabila. Tunaupinga kwa nguvu zote, si kwa sababu hatupendi utani, bali kwa sababu tunaupenda. Utani wa wazee wetu una masharti. Mnyamwezi na Mzaramo, Mngoni na Msukuma, wanataniana kwa kupokezana. Mtani akikuita mla panya msibani, nawe una haki ya kumwita lolote kesho, na yeye huyohuyo atakuosha marehemu na kukuchimbia kaburi. Mwenye kutaniwa ana zamu yake. Mlinzi wa kwenye klipu hana zamu. Hajawahi kupewa simu ya kumrekodi mwenye nyumba. Tena Wairaqw na Wamaasai hawakuwa watani, historia yao ni ya kunyang'anyana ng'ombe na malisho, na amani iliyopo leo katika vigango vya Karatu, ambako wanasali jumuiya moja, imejengwa kwa jasho. Kuichezea kwa ajili ya kupata watazamaji wengi ni ujinga.

Tukirudi darasani, Mtakatifu Thoma wa Akwino amelizungumza suala hili katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 168. Anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ndio pumziko lake. Asiyecheka kabisa na kuwa mzigo kwa wanaocheka ana kasoro ya kimaadili. (Walezi wetu wasome kifungu hicho kwa utulivu.) Sharti lake la kwanza ni kwamba furaha isitafutwe kwa maneno au matendo machafu au yenye kumdhuru mwingine. Na anaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: kazi ya mchekeshaji si dhambi kwa asili yake, na wanaomlipa kwa kiasi wanatenda haki, kwa sababu wanampa ujira wa huduma yake.

Ujira huo unatukumbusha mzee wetu. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, alianza kuigiza akiwa mtoto mwishoni mwa miaka ya 1950, akatuchekesha kwa takriban miaka 60, hadi alipofariki Agosti 2018. Tunamtaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, Majuto hakuhitaji kumwiga mtu wa kabila jingine. Aliwacheka wazee wabahili, wakali na wenye tamaa, yaani aliwacheka watu wa rika lake, kwa Kiswahili cha kwao Tanga. Hakuwa amesoma Hawks, lakini alijua siri ileile. Ya pili, mwaka ule wa mwisho, akiwa mgonjwa, ilidhihirika kwamba mikataba ya wasanii ilikuwa imewaacha wengi bila chochote, hadi Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia. Taifa zima lilikuwa limecheka, na mchekeshaji alihitaji kuchangiwa matibabu. Kumbe anaweza kuonewa hata yule anayetuchekesha.

Juni 14, mwaka 2024, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaita Vatikano wachekeshaji zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali, akawaambia kwamba hata kumcheka Mungu si kufuru ikiwa ni kama tunavyotaniana na tunaowapenda. Tulipoisoma hotuba hiyo tulijiuliza kama tunampenda mlinzi wa kwenye klipu yetu kiasi hicho. Sara alipocheka alikuwa anajicheka mwenyewe, kikongwe aliyeahidiwa mtoto, na mtoto akapewa jina la kicheko.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wenzetu, na kwa VIWAWA wa parokia zinazotupokea wakati wa likizo, kwamba kabla ya kurekodi kichekesho chochote kuhusu watu fulani, mmoja wa watu hao ashike kalamu. Asiitwe kuja kuvaa shuka tu wakati sisi tumeshaandika maneno yake. Aandike yeye, na sisi tuigize atakachotupa. Hawks alikuwa na fedha za kampuni kubwa, magari na ndege, asiweze kuona kwamba dereva wake alikuwa na hadithi ya kuchekesha kuliko roketi ya nyani. Sisi tunakaa naye meza moja.

Mwenzetu wa Ngorongoro amekubali kuandika kichekesho cha sikukuu ya seminari. Kinahusu mafrateri watatu wa mwaka wa pili wa falsafa wanaopelekwa bomani kufanya utume, wanatoa hotuba ndefu kuhusu Aristotle, kisha wanaombwa kukamua. Mlinzi yumo, na ndiye mwenye boma. Kiswahili chake kitakuwa kizuri kuliko cha mafrateri, waliokwisha kuchanganyikiwa na Kilatini. Ametuomba tumtafutie kofia ya mtalii na mbuzi wawili. Kofia tumepata.